Mama Akisema Angalia

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe,

Shikamoo.

Binti yako ameniambia kwamba simu zangu hutapokea, na kwamba kama nina neno niliandike, maana huenda mkono wangu una adabu kuliko mdomo wangu. Nimekubali. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye kofia ya sufu, na ameapa ataifikisha kabla hajanywa chai.

Naomba radhi, Mama. Neno nililokutamkia Jumamosi, mbele ya fundi baiskeli, mbele ya mwenye mkokoteni na wale wote waliotoka madukani kutazama gari letu lilivyoinamia mtaroni, si neno la kumwambia mtu aliyenizidi umri, sembuse mama aliyenipa mke. "Mama, nyamaza!" Hata sasa nikilikumbuka masikio yanawaka moto. Hofu ilinitangulia, ulimi ukafuata. Mkokoteni ule kwa kweli sikuuona mpaka magodoro yalipokuwa juu ya kioo.

Nilipokuona unachukua mkoba wako, unavuka barabara huku unachechemea na kupanda basi la kurudi kwako, nilitaka kukukimbilia. Nikaona aibu. Nikabaki nasaidia kuokota magodoro.

Hali ya mke wangu unaijua. Presha haijashuka. Daktari amesisitiza alale, asiinue hata ndoo ya maji, mpaka siku zake zitimie mwezi ujao. Mimi nikienda kazini anabaki peke yake na ukuta. Nilikuja kukuchukua kwa sababu yake, na nimekurudisha kwa sababu yangu. Nisamehe, uje. Hata kama hutaki kuniona, njoo umwone yeye.

Mkwe wako,
niliyekosa


Jumatano, 5 Machi

Mkwe,

Marahaba. Nimeitikia kwa sababu salamu haina kosa.

Barua nimeipata ikiwa na doa la chai. Mwambie kondakta wako aache kuapa.

Umeandika vizuri. "Radhi," "sembuse," "sikuuona." Mtu asiyekujua angesoma angesema huyu kijana kafunzwa akafunzika. Lakini hebu turudi hapo kwenye "sikuuona." Hukuuona! Mkokoteni umepakia magodoro mpaka umekuwa ghorofa, na lile la juu kabisa lina maua mekundu! Mimi na miwani yangu ya kusomea niliuona tangu kwenye duka la rangi. Nikakuambia angalia. Nikakuambia tena, angalia! Ukageuza shingo ukatazama madukani kama mtu anayechagua shati. Sasa niambie, aliyetakiwa kukemewa ni mwenye mdomo au mwenye macho?

Na mkosi haukuishia hapo. Basi nililopanda kurudi, dereva kabana simu kati ya sikio na bega, anagombana na mtu kuhusu mbuzi wao, mkono mmoja anabadilisha gia, mwingine anaeleza rangi ya mbuzi. Abiria wote kimya, wanatazama nje, utadhani gari linajiendesha. Nikajikokota na goti langu mpaka pale mbele, nikamwambia, "Baba, mbuzi baadaye." Akaniambia nini? "Bibi, kaa chini, nyamaza." Siku moja, mara mbili! Nimeishi na mume mpaka kifo kikatutenganisha, hajawahi kunitamkia neno hilo. Ninyi mmegawana kwa siku moja.

Binti yangu nampenda, na hilo tumbo lake nalipenda. Ila gari lako sipandi, na basi goti halitaki, limevimba kama andazi. Kwa hiyo sijui nitakujaje. Wewe unayeona vizuri hebu angalia njia.

Umpe maji ya kutosha. Chumvi mfichie.

Mama mkwe wako,
mwenye mdomo


Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe,

Shikamoo. Pole ya goti. Pole na ya yule wa mbuzi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kuna jambo naona lazima niliseme, nikiomba radhi kabla sijalisema. Uso kwa uso nisingeweza. Ningetazama viatu vyangu mpaka ungeniuliza kama vimepotea.

Mama, mimi niliangalia. Ndiyo taabu yenyewe.

Tangu tulipotoka getini kwako ulisema angalia. Angalia ile nyumba, wamemaliza kuezeka. Nikaangalia. Angalia yule mama alivyojipangia kichwani, ndoo juu ya beseni. Nikaangalia. Angalia wale ng'ombe walivyonona, angalia ule ukuta umepasuka, angalia mtoto wa watu anavyotembea peku. Nikaangalia vyote. Ningewezaje kujifanya sisikii? Mama mkwe akisema angalia, mkwe anaangalia, mimi nililelewa hivyo. Tukafika mtaa wa maduka, ukasema angalia mapazia yale ya njano, yangefaa chumba cha mtoto. Nikaangalia, na kweli yalikuwa mazuri. Basi uliposema tena angalia, na tena angalia, mimi nikajua ni mapazia. Nikawa natafuta pazia. Uliponionya kuhusu mkokoteni nilikuwa nachagua kati ya njano na kijani.

Kumbe neno lilikuwa moja, kwa pazia na kwa ajali.

Unaijua kazi yangu. Naendesha gari la maiti la hospitali. Abiria wangu hajawahi kuniambia angalia. Wafiwa huwa wanakuja nyuma na gari lao, mimi niko mbele na marehemu, na sote wawili tumenyamaza. Wenzangu wananitania kwamba kazi imeniharibu, hata redio siwashi. Kabla sijaondoka nazima simu naifungia kwenye kidroo, nakunywa maji, natazama vioo, ndipo natia gia. Si kwamba mimi ni mtu mwema kuliko wengine, Mama. Ni kwamba najua tunaowachukua barabarani. Wapo tuliowabeba simu zao bado zinaita mfukoni, na kwenye kioo imeandikwa "Nyumbani."

Kwa hiyo kukosa nimekosa, ila si kwa kudharau maneno yako. Niliyatii kupita kiasi.

Jirani yetu, mwalimu wa chekechea, anapita mchana kumtazama mke wangu. Anamwangalia vizuri, lakini si mama yake.

Mkwe wako


Ijumaa hiyo hiyo

Mama yangu,

Shikamoo. Naingiza kikaratasi hiki ndani ya bahasha ya mume wangu wakati yupo bafuni anaimba. Ndiyo, anaimba. Ukimwona na lile gari lake huwezi kuamini.

Mama, hasira zako nazijua, zinapanda kama maziwa na kushuka kama maziwa. Zishushe basi. Huyu mtu tangu Jumamosi hali vizuri. Anafanya mazoezi ya kuomba radhi mbele ya kioo cha kabati, anadhani nimelala. Juzi nimemsikia anasema "Mama, kwa unyenyekevu mkubwa," halafu anajikosoa, "hapana, hiyo ni ya mazishi."

Sasa nisikilize. Tangu jana kichwa kinanigonga, na nikiinuka naona vimulimuli mbele ya macho. Miguu imejaa. Yeye sijamwambia. Anaendesha kutwa nzima, nikimwambia ataendesha mawazo yake yakiwa huku kitandani, nami sitaki hilo. Nakwambia wewe.

Mama, naogopa. Nataka uwepo.

Kitindamimba wako


Jumatatu, 10 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba, baba.

Nilisoma barua yako nikakasirika, nikaiweka. Nikaenda nikatwanga, nikarudi nikaisoma tena, nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ulikuwa unachagua kati ya njano na kijani! Ee Mungu wangu. Na mimi huku natokwa roho.

Kwa hiyo hata redio huwashi. Basi nikuambie, marehemu baba mkwe wako jina aliloniita ni hilo. Redio. Si kwa kunitukana. Ninyi mlimkuta mzee wa kukaa barazani, lakini huyo mtu aliendesha lori la saruji, masafa ya kuchosha, barabara imenyooka mpaka usingizi unakuja wenyewe. Usingizi ndio uliokuwa adui wake. Kabla hatujapata watoto nilikuwa napanda naye, na kazi yangu ndani ya lori ilikuwa moja tu: kuongea. Nikinyamaza kidogo ananiambia, "Redio, betri zimeisha?" Naanza upya. Nikiishiwa maneno nasoma mabango. Mabango yakiisha ndipo nasema angalia ule mti, angalia lile jiwe, angalia wingu lile. Na yeye kila mara anajibu, "Naona."

Alikuwa haoni kitu! Hapa ndipo hukupaelewa, na mimi sikujua kwamba hukupaelewa. Nikisema angalia mti, anasema naona, na macho yake yapo pale pale barabarani, hata kope haisogei. Neno lilikuwa la kumwamsha, halikuwa la kumgeuza shingo. Tumekwenda hivyo mpaka akastaafu, na lori hajaliangusha. Alikufa kitandani kwake amelala chali, na mimi naongea.

Kwa hiyo mimi nikipanda gari nafanya kazi. Sipigi porojo. Nikaona umekaa kimya, uso mbele, nikasema huyu atasinzia, ngoja nimsaidie. Kumbe wewe unageuza shingo kama bundi kila ninapofungua mdomo, eti heshima. Heshima gani hiyo ya kutuingiza mtaroni? Siku nyingine mkwe anayeniheshimu asinitazame.

Nimesema siku nyingine. Umeona? Basi nimeshakubali.

Ila mpeleke mwenzako kliniki kesho, usingoje siku ya kadi. Usiniulize kwa nini. Mimi ni mzazi, na mzazi huota.

Mama mkwe wako


Jumatano, 12 Machi

Mama,

Shikamoo na asante. Nilipofika kwenye "siku nyingine" nilimsomea mke wangu kwa sauti, akalia, akasema ni homoni. Mimi sikuwa na homoni lakini nililia kidogo.

Tulikwenda kliniki kama ulivyosema. Daktari ameongeza dawa, akasema afadhali tumekuja. Mama, ndoto zako si za kuchezea. Ameagiza kichwa kikizidi kumuuma akimbizwe hospitali saa yoyote ile. Mwalimu wa chekechea ameshapewa maelekezo, na kwenye kadi tumeandika namba yangu, na yako chini yake.

Nitakuja Jumamosi. Naomba tupatane mambo machache kwanza, na ukiona nimekosa adabu ulikate lile lililokosa.

Gari litapita ile barabara ya nje, haina maduka. Wewe ukae nyuma, unyooshe goti. Kuongea, ongea unavyopenda, nami nitajibu "naona" kama marehemu, wala sitatazama. Ila lile neno angalia tuliweke akiba. Tulitumie kwa hatari tu. Jambo zuri likitokea useme neno jingine, hata "lipo zuri pale," nitakuelewa.

Mkwe wako


Alhamisi, 13 Machi

Mkwe,

Marahaba. Naandika kwa haraka, kondakta ananisubiri mlangoni na leo kaja bila chai.

Nyuma sikai. Nyuma wanakaa abiria wako, na mimi bado nina pumzi. Nitakaa mbele, goti litajua lenyewe.

Hilo la neno nimelikubali, ingawa sijapata kuona mkwe anayemfundisha mama mkwe Kiswahili uzeeni. Jana nimejizoeza na jirani tukienda sokoni. Nimelisema mara tatu kabla hatujafika kona. Kulizuia ni kama kuzuia kwikwi. Lakini nitaweza.

Simu yako izime kama kawaida yako. Yangu nitaiacha wazi mkobani, mmoja wetu lazima apatikane.

Njoo mapema.

Mama mkwe wako


Jumanne, 27 Mei

Mama,

Shikamoo. Tangu uondoke wiki iliyopita nyumba imekuwa kubwa. Mtoto anageuza kichwa kila mlango ukilia, halafu akiona ni mimi anakunja uso. Mama yake hajambo, anasimama, anapika, ananigombeza. Kovu limekauka. Presha daktari anasema imerudi ya watu.

Naandika tena kwa kalamu ingawa simu zangu siku hizi unapokea, kwa sababu hili nalo siwezi kulisema kwa mdomo.

Leo nilimpeleka mtoto chanjo. Muuguzi aliyetupokea alimtazama, akatazama kadi, akasema, "Huyu ni yule wa Jumamosi ile! Mama yenu mwenye moyo mkubwa, hajambo?" Nikamwambia hajambo. Akasema, "Tulipiga simu ya baba ikawa imezimwa, nikampata yeye. Nilimpa habari mbaya nikadhani atapiga kelele. Alisema 'haya, asante,' kama mtu aliyeambiwa nguo zake zimekauka." Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akanionyesha kwenye daftari lao.

Mama, saa hiyo tulikuwa njiani. Hatujafika hata nusu.

Nimekaa kwenye benchi la chanjo nikaipanga upya siku ile nzima. Kweli simu yako iliita, tukiwa tumeshapita daraja la reli. Ulisema haya, asante. Nikakuuliza nani, ukasema ni jirani anauliza kama umefunga bomba. Halafu ukanyamaza. Nakumbuka vizuri kwa sababu kimya chako kilinitisha. Nilidhani nimekuudhi tena. Nikawa nakutazama kwa pembe ya jicho, mara kwa mara, mpaka tairi la kushoto likashuka kwenye changarawe nikalirudisha. Ndipo nikakuambia, "Mama, ongea basi. Sema chochote."

Na uliongea! Uliongea kuliko ile siku ya mtaroni. Ukasema lipo geti la buluu pale, limepakwa upya, aliyelipaka mkono wake mzuri. Ukanieleza marehemu alivyojaribu kupaka dirisha akapaka na paka. Nikacheka, Mama. Nikawa nasema naona, naona, na kucheka. Ukaimba na wimbo mmoja wa kanisani kwa maneno ya uongo. Neno angalia hukulitamka hata mara moja, mpaka nikakusifu.

Tulipokaribia mjini ukasema goti limekuzidi, tupitie hospitali kwanza. Nikaegesha. Ukaniambia, "Toa ufunguo, nipe." Nikakupa. Ukatoa simu mkobani, ukaiweka sikioni, ukashusha, ukasema, "Baba, ni muuguzi. Mwenzako yuko humu ndani, kimbia."

Mimi miezi yote hii nilidhani umepigiwa pale pale, langoni.

Mke wangu sijamwambia. Nataka kusikia kwako. Alikuambia nini yule muuguzi? Na kwa nini hukuniambia nisimame pembeni?

Mkwe wako


Ijumaa, 30 Mei

Mkwe wangu, baba wa mjukuu wangu,

Marahaba.

Huyo muuguzi ana mdomo kuliko mimi, mpelekee salamu.

Nilitaka jambo hili nife nalo, lakini umeuliza kwa heshima na mimi kudanganya kwa kalamu sijazoea. Ndiyo, nilijua. Alisema binti yangu ameletwa na mwalimu, amepata kifafa cha mimba, hana fahamu, wanamwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Nikamwuliza kimoyomoyo, sauti haikutoka, naye ni kama alisikia. Akasema, "Mama, tutajitahidi, lakini siwezi kukuahidi hata mmoja." Hayo ndiyo maneno niliyoyaitikia haya, asante.

Unauliza kwa nini sikukuambia usimame. Nililifikiria. Mkono ulishafika kwenye bega lako, wewe ulidhani najiweka sawa. Nikajiuliza, atasimama, nitamwambia, atalia. Halafu? Mimi gari sijui kuliendesha. Pale hakuna nyumba, hakuna basi linalosimama. Ungefuta machozi ungelishika tena usukani, na barabara bado yote iko mbele yetu, na wewe ni mtu ambaye pazia la njano tu lilimtia mtaroni. Nisamehe kulisema hilo, lakini ndilo nililoliwaza.

Basi nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiyo usalama, si ndivyo ulivyonifundisha? Kumbe kimya changu kikawa kelele kwako. Nilipoona tairi linakwenda changarawe nikasema, tumekwisha. Na ukaniambia, "Mama, ongea."

Mkwe wangu, hapo mdomo ulishafunguka. Neno lilikuwa kwenye meno. Sijui geti lile la buluu lilitokea wapi, Mungu alilipanda pale. Nikalishika. Nikasifu rangi, nikasifu mkono wa fundi. Mwanangu wa mwisho amelala hana fahamu, wanampasua, na mimi mama yake nasifia geti, naimba, nasimulia paka wa marehemu. Na wewe unacheka. Kila ulipocheka nilitamani kukuzaba kofi na nilitamani kukukumbatia. Nilikuwa nimeshikilia mkoba kwa chini, kucha zimeingia kwenye ngozi yake. Alama zipo hadi leo. Nimeongea maisha yangu yote na sikuwahi kuchoka, ila siku ile niliposhuka nilikuwa nimechoka, na halikuwa goti.

Uliniona nimekaa kwenye ngazi za nje wakati wewe unakimbia ndani. Baadaye uliniuliza mbona sikukufuata. Nilikuwa nimemaliza. Nilikwenda safari nzima nikiwa nimeshamzika mwanangu, baba. Nilimzika pale darajani, nikamlilia kwa ndani, nikabaki na kazi moja tu. Nilisema kama yeye ameondoka, na kama huyo mtoto ametoka hai, basi sitamwacha aingie duniani hana baba.

Mama mkwe wako